Logo Imeisha, Kazi Bado: Kisa cha Chapa ya Unga na Viungo, Mabibo

Kampuni inayochambuliwa hapa ni ya familia, iko Mabibo, Dar es Salaam, na jina lake halitajwi. Inasaga unga wa lishe na viungo: binzari, tangawizi, mdalasini, iliki na masala ya nyama ya ng'ombe. Bidhaa zilikuwa zikiuzwa kwenye mifuko angavu ya plastiki yenye stika iliyoprintiwa kwenye karatasi ya A4 na kukatwa kwa mkasi. Wanunuzi walikuwa majirani, mama lishe, na maduka machache ya jumla ya Manzese. Mwenye kampuni, mama anayejua bei ya kila gunia bila kufungua daftari, alitaka kuingia supamaketi. Mnunuzi wa supamaketi akamwambia kwamba kilichomo ndani ni kizuri, ila mfuko haufanani na mwenzake. Hapo ndipo alipomtafuta mbunifu, na agizo likawa fupi: "Nitengenezee logo mpya."

Logo haikuwa shida. Ilichorwa, ikapendwa, ikapitishwa bila vita kubwa. Kilichokaribia kuuharibu mradi ni makabidhiano. Mbunifu alikabidhi kazi nzuri kwa namna ambayo hakuna mtu pale Mabibo aliyeweza kuitumia, na ndani ya wiki chache logo mpya ikawa imeharibika kuliko ile ya zamani. Tunakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu wabunifu wengi wa Dar wanahesabu kazi imekwisha siku mteja anaposema "nimeipenda". Kwa mtazamo wetu, utambulisho wa chapa umekabidhiwa pale tu mprintaji wa Kariakoo, fundi wa kuchora ukuta na mhasibu wa kampuni wanapoweza kuutoa sawasawa bila kumpigia mbunifu simu.

Kilichokutwa mezani

Kabla ya kuchora chochote, mbunifu aliomba aletewe kila kitu chenye jina la kampuni. Vikaja mhuri, kitabu cha delivari, ankara, stika za bidhaa sita, fulana mbili, na picha za geti na bajaji ya kusambazia mzigo. Vyote vilipangwa juu ya meza moja na kupigwa picha kwa pamoja. Hatua hii inachukua nusu siku tu na haifai kurukwa, maana mteja huona kwa macho yake kile ambacho maelezo yasingemshawishi. Kijani cha stika kilikuwa cha majani mabichi, cha fulana kilielekea bluu, na cha geti kilikaribia weusi. Jina liliandikwa kwa fonti tatu. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe sisi ni kampuni nne."

Logo ya zamani ilikuwa na ramani ya Tanzania, sufuria, hindi, na kivuli nyuma ya maandishi. Faili pekee lililobaki lilikuwa picha ya JPG iliyopita kwenye WhatsApp mara nyingi, upana wake pikseli 640. Kwa ubora wa pikseli 300 kwa inchi, hiyo inatosha kuprinti upana wa sentimita 5.4 hivi, basi. Ilikuwa imenyooshwa mpaka ukubwa wa geti.

Ramani inastahili neno la ziada, kwa sababu wateja wengi huiomba. Tanzania ina upana wa kilomita 1,200 hivi, na Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi. Ramani ikichorwa kwa upana wa milimita 15 kwenye stika, Unguja inabaki na urefu wa milimita moja na unene usiofika nusu milimita. Mprintaji ataiona kama uchafu, na mara nyingine ataifuta kwa nia njema kabisa. Mteja anayeuza Zanzibar hawezi kuwa na logo inayofuta Zanzibar kila inapopunguzwa.

Makubaliano

Bei ya kazi nzima ilikuwa TSh 3,400,000: asilimia 50 kabla ya kuanza, 30 baada ya kuchagua mwelekeo mmoja, na 20 siku ya kukabidhi. Marekebisho yalikuwa awamu mbili ndani ya bei hiyo. Awamu ya tatu ingelipiwa TSh 150,000. Mkataba ulitaja mtu mmoja wa kupitisha kazi, naye ni mama mwenyewe.

Kodi ya zuio iliandikwa waziwazi, na hapa wabunifu wachanga hugombana na wateja bure. Kampuni inayolipa huduma ya kitaalamu hukata asilimia 5 na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Kwenye malipo haya matatu, makato yalikuwa TSh 85,000, 51,000 na 34,000, jumla 170,000. Fedha hiyo haijapotea, kwa kuwa cheti cha zuio humhesabia mbunifu kwenye kodi yake ya mapato. Asipodai cheti, amelipa mara mbili. Cheti kiombwe kila malipo yanapofanyika; kukusanya vyeti vya mwaka mzima mwezi wa Desemba ni kazi ya kumsumbua mhasibu wa watu.

Upande wa jina, kampuni ilikuwa na cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na mama aliamini kwamba jina tayari ni mali yake peke yake. Usajili wa jina la biashara haumpi mtu haki hiyo. Ulinzi wa chapa unatoka kwenye Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, kwa maombi ya pekee, katika daraja la bidhaa husika. Unga na viungo viko daraja la 30. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina usajili wake, hivyo anayepeleka mzigo Unguja aombe pande zote mbili. Mbunifu alitafuta majina na alama zinazofanana kabla ya kuchora, akamweleza mama kwamba maneno kama "lishe", "bora" na "asilia" ni ya kila mfanyabiashara, hayawezi kubeba chapa. Vilevile alikataa ombi la kijana wa mauzo la kuweka bendera ya taifa pembeni: bendera na ngao ya taifa si mapambo ya biashara.

Ungo wenye nyuzi nne

Hatua ya michoro tunaipita haraka. Mielekeo mitatu ilionyeshwa, mmoja ukachaguliwa: ungo unaoonekana kwa juu, ndani yake msuko uliorahisishwa, na jina la kampuni pembeni kwa herufi nene. Sababu ya kuchagua ungo ilikuwa ya kimatumizi pia. Duara linakaa vizuri kwenye mhuri na kwenye picha ya wasifu ya WhatsApp, ambayo hukata pembe zote nne.

Mchoro wa kwanza ulikuwa na nyuzi kumi na mbili za msuko. Kwenye kioo cha kompyuta ulipendeza sana. Ulipoprintiwa kwa upana wa milimita 12, nyuzi ziliungana na ungo ukawa doa la kijani. Wino husambaa kidogo unapogusa karatasi au plastiki, hivyo mstari mweupe uliozungukwa na rangi hupungua wakati mstari wa rangi juu ya nyeupe hunenepa. Nyuzi zikapunguzwa mpaka nne, na nafasi nyeupe kati yake ikaongezwa mpaka ikabaki wazi hata kwenye mhuri wa kipenyo cha milimita 40, ambao wino wake hutapakaa zaidi ya wa printa yoyote. Logo yoyote ya kampuni ya Tanzania ipimwe kwenye mhuri. Nyaraka zetu haziendi bila mhuri, na mhuri hauna rangi ya pili wala kivuli.

Kofia za wasambazaji zilileta kikomo kingine. Herufi ya kudarizi iliyo chini ya milimita 5 hujaa uzi, matundu ya "a" na "e" yakafungwa. Kwa hiyo likatolewa toleo la kofia: ungo peke yake mbele, na jina kwa herufi za milimita 8 pembeni.

Fonti zilizochaguliwa ni mbili, zote zenye leseni huria ya SIL, ili mteja azitumie kibiashara bila deni kwa mtu. Fonti za kunakili kutoka kwenye kompyuta ya rafiki zina hatari ambayo mteja hajui kwamba amebebeshwa. Kigezo kimoja cha uchaguzi huwa kinasahaulika: alama ya ritifaa. Kwenye fonti nyingi za mapambo, "ng'ombe" huachana katikati kama maneno mawili, na bidhaa moja ya kampuni ni masala ya nyama ya ng'ombe. Fonti mbili zilikataliwa kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu maoni, mkataba ulimtaja mama peke yake, lakini kijana wa mauzo aliipeleka michoro kwenye kundi la WhatsApp la familia, na kila shangazi akawa na rangi yake. Mbunifu hakubishana. Aliprinti mielekeo miwili kwa ukubwa halisi, akaibandika kwenye mifuko iliyojaa, akaipanga kwenye rafu ya duka moja Manzese katikati ya bidhaa nyingine. Wateja waliosimama hatua tatu mbali waliulizwa swali moja: "Hii ni bidhaa gani?" Swali la "unaionaje?" humfanya kila mtu kuwa mbunifu. Swali la "hii ni nini?" hupima kazi. Mwelekeo mmoja ulitajwa kuwa dawa ya asili, na mjadala wa familia ukaishia hapo.

Kijani kimoja, vitu vitano

Rangi ndiyo iliyokula muda mwingi kuliko kitu kingine chochote, na ilistahili. Mama hakutaka kuacha kijani, kwa sababu wanunuzi wa Manzese huomba "ile ya kijani". Alikuwa sahihi: alama ambayo watu wameshaizoea haitupwi ili mbunifu apate sifa. Kazi ikawa kuchagua kijani kimoja kati ya vile vilivyopo na kukilinda.

Kilichopitishwa ni Pantone 349 C (namba ya kwenye kitabu cha sampuli za rangi cha waprintaji), ambayo kwenye skrini ni #046A38, na kwa uprintaji wa rangi nne, yaani samawati (C), magenta (M), njano (Y) na nyeusi (K), ikawekwa C90 M12 Y95 K40. Ya pili ni njano ya binzari, C0 M25 Y100 K0. Namba hizi ni za lazima, lakini anayedhani zinatosha hajasimama kaunta ya kuprinti. Maduka mengi madogo hayana kitabu cha Pantone, na printa mbili zenye faili moja hutoa kijani viwili, kwa kuwa wino, karatasi na matunzo ya mashine hutofautiana. Kwa fundi wa ukuta, namba hizo hazina maana yoyote.

Hivyo mbunifu aliandaa kadi ya rangi. Kijani kilichopitishwa kiliprintiwa kwenye karatasi nene, kikakatwa vipande vya sentimita 10 kwa 7, na nyuma ya kila kipande yakaandikwa majina ya vitu vitano vinavyokihitaji pamoja na maelekezo ya kila kimoja: karatasi, plastiki, fulana, ukuta na skrini. Kwa ukuta, mbunifu alienda na kadi kwenye duka la rangi lenye mashine ya kuchanganya, akachanganyiwa kopo la lita moja, akapaka ubao, akasubiri ukauke, akalinganisha nje mchana, kisha akaandika nyuma ya kadi fomula iliyotoka kwenye mashine. Rangi ya mafuta ikiwa mbichi na ikikauka si moja. Kulinganisha kabla haijakauka ni kujidanganya. Kulinganisha chini ya taa ya dukani pekee nako kunapotosha, kwa sababu rangi mbili zinazofanana chini ya taa zinaweza kuachana juani.

Plastiki angavu ilileta tatizo lake. Wino wa kuprinti kifungashio unapitisha mwanga. Njano ikiprintiwa moja kwa moja juu ya mfuko angavu wenye binzari, inapotea. Kijani juu ya mdalasini kinageuka karibu cheusi. Dawa yake ni tabaka la wino mweupe chini ya rangi zote, na tabaka hilo lazima liwe kwenye faili kama rangi ya pekee yenye jina lake. Mprintaji hawezi kubuni. Karatasi ya kaki nayo ni vilevile: bila nyeupe ya chini, njano inakuwa ya udongo.

Jua la Dar nalo lina sauti. Kwenye wino wa kawaida wa mabango, njano na magenta ndizo hupauka mapema, na samawati na nyeusi hudumu zaidi. Kijani kilichotengenezwa kwa njano na samawati huanza kuelekea bluu kadiri miezi inavyopita. Kwa bango la geti, la mita 3 kwa 1, mbunifu alielekeza laminesheni ya kuzuia jua. Na kwa bajaji, ambayo mgongo wake una mikunjo, alitaja vinyl (stika ya plastiki) ya daraja la juu, kwa sababu ile ya bei nafuu hujivuta na kuacha ukingo wa gundi unaokusanya vumbi. Bango lenyewe linahitaji kibali na ada ya halmashauri kulingana na ukubwa. Mabibo iko Manispaa ya Ubungo, na ni vema ukubwa ujulikane kabla bango halijaagizwa.

Mfuko mmoja, stika nyingi

Bajeti haikuruhusu kuprinti mfuko wa kila bidhaa. Kwenye uprintaji wa silinda, kila rangi ina silinda yake ya kuchongwa, na mwenye kiwanda hudai oda ya maelfu mengi ya mifuko. Bidhaa sita zenye rangi nne zingekuwa silinda ishirini na nne. Suluhisho lilikuwa mfuko mmoja wa pamoja wenye kijani, njano, nyeusi na nyeupe ya chini, na sehemu tupu ya milimita 60 kwa 80 ambapo stika ya bidhaa husika inabandikwa. Stika zinaprintiwa kidijitali hata mia mbili kwa mara. Iliki ikipanda bei na kusimama kwa muda, hakuna mifuko inayooza stoo.

Kila stika ilitengenezwa na ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya mkasi wa mashine, na maandishi yakakaa angalau milimita 4 ndani ya ukingo. Maandishi madogo yote ni nyeusi tupu, K100. Yakiundwa kwa rangi nne, silinda au sahani za kuprintia zikihama hata kidogo, herufi zinapata kivuli na tarehe ya mwisho wa matumizi haisomeki.

Msimbo wa mstari ulitoka GS1 Tanzania, shirika linalotoa namba za misimbo hiyo, namba zinazoanza na 620. Ukubwa kamili wa msimbo wa tarakimu 13 ni milimita 37.29 kwa 25.93, pamoja na nafasi nyeupe za pembeni, na unaruhusiwa kupunguzwa mpaka asilimia 80, yaani 29.83 kwa 20.74. Kijana wa mauzo aliomba mistari iwe ya rangi nyekundu ipendeze. Skana nyingi za kaunta hutumia mwanga mwekundu, na chini ya mwanga huo mstari mwekundu huonekana mweupe, kwa hiyo hakuna kinachosomeka. Kosa lingine la kawaida ni kula zile nafasi nyeupe za pembeni kwa pambo, au kuuweka msimbo kwenye mkunjo wa chini wa mfuko.

Nafasi ya alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, iliachwa wazi kwenye mpangilio, bila alama yenyewe. Usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia TBS mwaka 2019, na alama yake hutumiwa na mwenye leseni tu. Mbunifu anayeibandika "ili kifungashio kionekane kamili" anamweka mteja pabaya.

Makabidhiano yaliyoshindwa

Malipo ya mwisho yakaingia, na mbunifu akatuma kiungo cha kupakua kifurushi cha megabaiti 400. Ndani mlikuwa na mafolda ya AI, EPS, SVG, PDF na PNG, baadhi yake yakiwa na mafolda ya RGB (rangi za skrini) na CMYK (rangi nne za kuprinti) ndani yake, pamoja na mwongozo wa chapa wa kurasa 46. Kwa mbunifu mwenzake, kifurushi hicho kilikuwa hakina kasoro.

Pale Mabibo hakuna aliyekifungua chote. Bando la ofisi lilikatika katikati ya upakuaji. Kijana wa mauzo alifungua mwongozo kwenye simu, akapiga picha ya skrini ya ukurasa wenye logo, akaituma WhatsApp kwa mtu wa fulana. Fulana thelathini zikaja na logo yenye ukungu, ndani ya kiboksi cheupe. Mhasibu alipokea PNG isiyo na mandharinyuma kama picha ya kawaida. WhatsApp ikaibana na kuigeuza JPG, ikapoteza uwazi wake. Mprintaji wa Kariakoo, anayetumia CorelDRAW ya zamani, alifungua faili la AI, fonti ikabadilishwa na nyingine bila onyo alilolisoma, na stika mia tano zikatoka na jina lililoandikwa kwa herufi ngeni. Mama akampigia mbunifu: "Mwanangu, hii siyo kazi niliyoisaini."

Hakuna hata mmoja kati yao aliyezembea. Kila mtu alitumia njia anayoitumia kila siku. Mafolda yalipangwa kwa aina ya faili, na anayetaka fulana hafikiri kwa aina ya faili. Anafikiri: hili namtumia nani?

Makabidhiano ya pili

Kifurushi kilipangwa upya kwa kitendo. Folda tatu tu: TUMA KWA FUNDI, WEKA MTANDAONI, na OFISINI. Ndani ya ya kwanza, faili ziliitwa kwa jina la kazi: FULANA, STIKA, BANGO, UKUTA, KOFIA, MHURI. Kila moja ni PDF ya kiwango cha X-1a, ambacho hakikubali RGB wala tabaka zenye uwazi, huku maandishi yote yakiwa yamegeuzwa kuwa maumbo ili fonti isibadilike popote. Stika ilipewa pia nakala ya EPS iliyohifadhiwa kwa toleo la zamani na kujaribiwa kwenye kompyuta ya mprintaji yuleyule wa Kariakoo. Jaribio hilo ndilo muhimu. Faili linalofunguka kwa mbunifu pekee halijajaribiwa.

Faili la UKUTA lilikuwa ukurasa mmoja wa A4: logo juu ya miraba kumi kwa mitano, kwa kuwa mafundi wa kuchora hupiga miraba ukutani kwa chaki na kuhamisha mraba kwa mraba. Pembeni yake, fomula ya rangi na sentensi moja: "Usibadilishe unene wa nyuzi nne."

Folda ya OFISINI ilikuwa na barua, ankara ya proforma na delivari kwenye Word, kwa fonti ya Arial. Baadhi ya wabunifu watapinga, lakini kompyuta ya mhasibu haina fonti za chapa, na siku ikibadilishwa mpangilio wote utaharibika. Chapa inabebwa na kichwa cha barua, ambacho ni picha iliyofungwa. Maandishi ya kila siku yaachwe kwa fonti iliyopo kila mahali.

Mwongozo wa kurasa 46 ulipunguzwa kuwa karatasi moja ya A4 pande mbili, ikalaminetiwa nakala nne: moja ukutani ofisini, moja kwenye bajaji, moja kwa mama, moja ya akiba. Mafaili yote yakashuka hadi megabaiti 38, yakawekwa kwenye flashi mbili na nakala moja mtandaoni. Kwenye karatasi iliandikwa kwa herufi kubwa: ukituma WhatsApp, tuma kama dokyumenti, usitume kama picha.

Kisha kikafanyika kikao cha saa mbili Mabibo, bila projekta. Mbunifu hakueleza, aliwapa kazi. Mhasibu aliandaa proforma mpya tangu mwanzo. Kijana alimtumia mtu wa fulana faili sahihi kutoka simuni, na wakasubiri mpaka alipojibu kwamba limefunguka. Mama alipewa stika tatu zilizoprintiwa sehemu tofauti, akatoka nazo kivulini nje ya mlango na kadi ya rangi mkononi, akakataa moja. Alikataa ile inayostahili kukataliwa. Kila mtu alipokwama, kilichomkwamisha kiliandikwa na kurekebishwa kwenye faili palepale.

Mwisho ilisainiwa hati ya makabidhiano: orodha ya mafaili, majina ya fonti na leseni zake, na kifungu kwamba hakimiliki ya logo iliyochaguliwa inahamia kwa kampuni baada ya malipo kukamilika, huku michoro iliyokataliwa ikibaki kwa mbunifu. Kifungu hicho kisiachwe kwenye maongezi, na BRELA wakihitaji mwenye alama, karatasi ipo.

Kadi za rangi zinahitaji matunzo: zinakaa ndani ya bahasha, mbali na dirisha, na nakala moja isiyotumika huhifadhiwa na mbunifu ili ya kazi ikipauka ilinganishwe nayo. Kampuni ilipoongeza bidhaa mbili za uji, mkataba mpya ulikuwa na mstari wa makabidhiano wenye bei yake, TSh 600,000, ukihesabu ndani yake prufu (nakala za majaribio) kwenye nyenzo halisi, safari mbili za Kariakoo, kadi kumi za rangi, kikao cha saa mbili na marekebisho ya mafaili kwa siku 30. Mama aliusoma mstari huo, akauliza kama kadi zinaweza kuwa kumi na mbili, akasaini.